Mama wa Mti wa Ukutani

Kazi yangu ni kusoma maandishi yaliyomo ndani ya majani. Nimewahi kuieleza kwa njia nyingine nyingi, lakini hiyo ndiyo iliyokubaliwa na ukoo, na haikukubaliwa upesi. Mwanzoni walisema nasomea ukulima. Kisha wakasema nasomea dawa za miti shamba, na kwa muda wa mwaka hivi kila mwenye goti linalomuuma alikuwa akinisubiri mlangoni siku ya Idi. Aliyewanyamazisha ni mama mkubwa wangu, dada yake mama, anayekaa Mambrui. Alikuwa akinipakulia wali mbele ya watu, akauliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo upate kuchuma majani? Mbona mbuzi wetu wayachuma na hawana cheti?"

Watu walicheka mpaka sinia likatikisika. Mimi nilikula wali wangu.

Maabara ninayofanyia kazi iko Kilifi. Mkuu wetu ni mwanamke mpole, msahaulifu wa kila kitu isipokuwa majina ya mimea, na miaka hii tunashughulika na miti ya jamii ya michungwa: michungwa yenyewe, michenza, milimau, mindimu, midanzi, mibalungi. Twataka kujua ipi ni ndugu wa ipi, na ipi huvumilia ukame na chumvi kuliko mwenzake. Mambrui sikuwa nakwenda kwa kazi. Nilikuwa nakwenda kumjulia hali mama mkubwa, ambaye hana mtoto wa kumzaa na ana sisi wote. Lakini uani kwake kuna mti, na mti huo ndio ulionitia matatani.

Umesimama karibu mno na ukuta wa matumbawe unaotenganisha ua wake na ua wa jirani, hata nusu ya matawi yake yanaishi ng'ambo. Tunda lake ni kubwa kuliko ndimu na dogo kuliko danzi, lile chungwa chungu. Ganda lake lina chunusi, likiiva linageuka manjano, na ukilikata harufu inayokuja kwanza ni ya ndimu. Ukali wake unakukunja uso, kisha inafuata chembe ya uchungu inayobaki chini ya ulimi. Halifai kuliwa hivi hivi. Kwa achari halina mfano.

Mama mkubwa aliuita mndimu. Alisema aliuotesha mwenyewe, kwa mbegu za mndimu wa marehemu mama yake, yaani bibi yangu, uliokuwa katikati ya ua huo huo kabla haujafa na mahali pake kujengwa bafu.

Jirani aliuita mdanzi. Yeye ni Mgiriama wa Kakuyuni, aliyeolewa Mambrui kabla mimi sijazaliwa, na hadithi yake ilikuwa hii: wiki yake ya kwanza mjini, akiwa bibi harusi mwenye upweke, alikaa chini ya ukuta akala madanzi aliyokuja nayo kutoka shamba la baba yake, na mbegu akazitupa upande wa pili kwa sababu hakutaka mama mkwe aone uchafu.

"Yaani alinitupia taka uani kwangu," mama mkubwa alizoea kusema, "na sasa anazidai."

"Sidai kitu, dada," jirani angejibu kutoka ng'ambo, kwa kuwa ukuta ule haujawahi kuzuia neno hata moja. "Nasema tu mwanangu namjua."

Hawakuwa wagomvi. Walipikiana, waliuguzana, walizika pamoja. Ila ukitaka kuwaona wamekaa wima kama mawakili, uliza habari za ule mti.

Mwaka ule nisiousahau, masika yalitupita. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda zake. Vuli nayo ikatoa matone ya kulowesha vumbi tu. Kisima cha mama mkubwa kilishuka, na maji yaliyobaki yakaanza kuwa na chumvi, maana bahari haiko mbali na kisima kikipungua maji matamu, yale mengine hujisogeza. Chai ilikuwa na ladha ya machozi. Mti wa ukutani ulikunja majani yake kama sambusa, kisha ukaanza kuyaangusha.

Nilifika Jumamosi moja nikamkuta mama mkubwa anafagia majani makavu na uso umemwanguka.

"Wewe ndiye daktari wao," akaniambia. "Sema."

Nikasema. Kwa bahati mbaya nilisema kwa kirefu. Nilimweleza kwamba upande wa chini wa jani kuna vinywa vidogo visivyoonekana kwa macho. Mti ukiona kiu huvifumba ili maji yasitoke. Lakini vikifumbwa, na ile hewa inayohitajika kupikia chakula haiingii, kwa hiyo mti unakubali kukaa na njaa ili usife kwa kiu. Na taabu haiishi hapo, kwa kuwa jua halijui kama vinywa vimefumbwa. Linaendelea kupiga, na zile punje za kijani ndani ya jani zinapokea mwanga zisioweza kuutumia, mithili ya jiko linalowaka bila sufuria, mpaka zinaanza kuungua zenyewe. Ndipo mti unapoamua kuyaachia majani. Ukiongeza na chumvi mizizini, nikahitimisha kwa sauti ile ninayoitumia nikisimama mbele ya wageni wa maabara, sidhani kama mti huu utapona.

Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani. Akatoka na panga.

Nilidhani amekubali ushauri wangu kuliko nilivyokusudia. Nikamshika mkono. Akanisogeza pembeni kama anayesogeza kuku, akasimama mbele ya mti, akapiga shina kwa ubapa wa panga mara tatu.

"Wewe!" akauambia. "Nimekulea, nimekunywesha, nawe wanitupia majani. Basi nisikilize. Mwaka huu usipozaa, nakukata kuni!"

Kisha sauti ya jirani ikatoka nyuma ya ukuta, ya huruma, ya mtu anayemwombea mwenziwe mahakamani:

"Dada, msamehe. Ni mgonjwa. Mpe muda, atazaa, mimi namdhamini."

"Wamdhamini kweli?"

"Namdhamini."

"Haya. Kwa ajili yako."

Akarudisha panga ndani. Mimi, mwenye shahada mbili, nikauokota ufagio nikamalizia kufagia majani.

Wiki chache baadaye mvua ilinyesha, si nyingi, siku nne mfululizo. Jumamosi iliyofuata nilipofungua mlango wa uani nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Ule mti ulikuwa mweupe. Maua yalikuwa yametoka kwenye kila kijitawi, hata kwenye vile nilivyokuwa nimevitangaza kuwa vimekufa, na nyuki walikuwa wengi hata ua mzima unavuma.

Mama mkubwa aliniwekea mkeka mahali ambapo lazima niutazame mti, akaniletea kahawa.

Jambo linaloniuma ni kwamba nilijua. Michungwa na ndugu zake ikibanwa na kiu kisha ikapata maji, huchanua kwa fujo. Kuna wakulima wanaoikatia maji makusudi kwa ajili hiyo. Nimeyasoma hayo, nimeyafanyia mtihani na kuyapita. Lakini siku ile nilipouona mti wa mama mkubwa umelegea, yote yalinitoka, nikaona mgonjwa tu. Nilijaribu kumweleza.

"Mama mkubwa, ni ile kiu. Kiu ikifuatwa na mvua, mti huchanua."

"Kwa hiyo ulijua kwamba utachanua."

"Nilijua, ila..."

"Ila uliniambia hautapona."

Jirani alikohoa nyuma ya ukuta. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

Mti ulizaa vibaya sana mwaka ule. Matawi ya upande wa jirani yaliinama mpaka yakagusa kamba yake ya kuanikia nguo. Na mti ulipokuwa na mali, ile hoja ya zamani ikaamka. Mama mkubwa alimpelekea jirani ndoo ya matunda, kwa wema, na ujumbe: "Mwambie ndimu zake hizi." Ndoo ilirudi imejaa matunda ya matawi ya upande wa pili, na ujumbe: "Mwambie ahsante, na madanzi yake haya." Mbebaji wa ndoo na ujumbe nilikuwa mimi.

Ni alasiri hiyo, tukichagua mchele pamoja, nilipofanya kosa la kumweleza mama mkubwa kazi yangu vizuri. Nilimwambia kwamba zile punje za kijani zaitwa kloroplasti, na kwamba kila moja ina kijitabu chake cha vinasaba, mbali na kitabu kikubwa cha mti wenyewe. Akauliza kwa nini punje iwe na kitabu chake. Nikamwambia ni kwa sababu zamani sana, kabla ya miti, punje hiyo ilikuwa kijidudu kinachojitegemea. Kikamezwa na kiumbe kingine, hakikusagwa, kikakaa humo ndani.

"Kikaambiwa kikae?"

"Hakuna aliyekiambia. Kilikaa tu, kikawa kinapika kwa jua, na mwenyeji anakula."

"Kama mume wa dada yako," akasema. "Alikuja Idi kula pilau, mpaka leo yuko. Ila yeye hapiki."

Nilicheka, na kwa kucheka nikaendelea kusema. Nikamwambia kwamba katika jamii ya michungwa kijitabu hicho hurithiwa kwa mama peke yake, chavua ya baba haikileti. Ndiyo maana tukikisoma tunaweza kufuata ukoo wa upande wa mama kwa vizazi na vizazi. Mama wa limau ni danzi, nikamwambia. Na mama wa danzi ni balungi. Ndimu ndiyo yenye upande mwingine kabisa wa mama, jamaa wa porini huko Asia.

Mikono yake ilisimama juu ya mchele.

"Kwa hiyo wewe waweza kumjua mama wa mti."

"Naweza, kama nina majani ya..."

"Jirani!" akaita, bila kugeuza kichwa. "Wasikia haya?"

"Nasikia," ukuta ukajibu. "Apime."

Nilimwendea mkuu wangu nikiwa nimejiandaa kukataliwa. Yeye alivua miwani, akaniuliza matunda yana umbo gani, akaniuliza mti una umri gani, kisha akasema sampuli mbili tatu hazitamshinda, ziingie pamoja na zile za mradi. "Achari yake ikoje?" akauliza tena nilipokuwa mlangoni.

Nilihitaji majani ya mti wenyewe, ya mndimu wa bibi, na ya ule mdanzi wa Kakuyuni. Mndimu wa bibi ulikwisha kufa, lakini kichipukizi chake kilichukuliwa zamani na mjomba wangu, na sasa ni mti mzima nyumbani kwake mji wa kale wa Malindi. Hapo nilichuma bila taabu. Kakuyuni nilikwenda na jirani mwenyewe, kila mmoja na bodaboda yake, yeye mbele amejifunga mtandio kichwani kama anayekwenda vitani.

Shamba sasa ni la kaka yake, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka. Alinitazama, akamtazama dada yake.

"Majani tu?"

"Majani tu, mjomba. Machanga, kama kumi."

"Hupimi shamba?"

"Sipimi."

"Yanakwenda kufanywa nini?"

"Anakwenda kumpima mama wa mti wa Mambrui," jirani akamjibu.

Mzee aliwaza. "Na ikithibiti kwamba mama ni huyu mdanzi wangu," akasema, "watoto watarudishwa huku, au watabaki huko?"

Alisema bila kutabasamu hata kidogo. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania. Alitupa sima na mtsunga, ile mboga chungu ambayo watu wa huko wanaipenda na ambayo mimi huila kwa heshima, kisha akanipeleka mwenyewe penye mdanzi. Niliyafuta majani, nikayatia kwenye bahasha zenye punje za kukaushia, zile zile zinazokuja ndani ya boksi la viatu vipya, nikaandika juu.

Tulipokuwa tukisubiri bodaboda jirani alinishika kiwiko.

"Mwanangu, ikiwa ni wangu, usiseme."

"Lakini mama, si wewe uliyesema nipime?"

"Nilisema apime, sikusema atangaze. Mimi natania. Miaka yote natania. Mwenzangu hatanii, wewe humwoni?"

Sikuwa nimemwona. Nilimwahidi nitafikiria, ahadi ambayo haina maana yoyote, na sote wawili tulijua.

Siku ile nilikuwa nimechelewa kurudi Kilifi, kwa hiyo majani ya mti wa ukutani sikuyachuma. Nilimwomba mama mkubwa kwa simu ayachume mwenyewe aniletee kwa mkono wa mwenye bodaboda tunayemfahamu. Yalifika kesho yake yamefungwa vizuri ndani ya karatasi safi, laini, hayana hata doa. Nikayakausha, nikayasaga, nikatoa vinasaba. Ikapita wiki, zikapita nyingine. Majibu yalipokuja nilikaa mbele ya kompyuta nikayalinganisha. Mti wa mama mkubwa na mndimu wa mjomba ilikuwa sawa, herufi kwa herufi, mwanzo mpaka mwisho. Mdanzi wa Kakuyuni ulikuwa mbali kabisa.

Nilifurahi kwa ajili ya mama mkubwa. Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie. Kilichonizuia ni jani. Bahasha yake ilikuwa bado mezani, na ndani yake jani moja lililobaki. Nililitoa tu nilitazame. Jani la mdanzi lina kijibawa shingoni, kipana kama kijiko, kabla halijakuwa jani lenyewe. La mndimu shingo yake ni nyembamba. Hili lilikuwa na shingo nyembamba. Nami nilikuwa nimekaa chini ya mti wa ukutani mara ngapi, nikichezea majani yake yenye vijiko shingoni, tangu nikiwa mtoto?

Jumamosi nilikwenda Mambrui na bahasha mkobani. Jirani alikuwa ametoka, nikashukuru. Nililiweka lile jani kavu juu ya mkeka, nikainuka, nikachuma jani bichi la mti wa ukutani, nikaliweka kando yake.

Mama mkubwa aliyatazama yote mawili kwa muda.

"Lile nililokuletea ni zuri zaidi," akasema.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa mjomba wako, Malindi. Nilikwenda kumsalimia." Akarekebisha leso yake. "Ya mti wenyewe yalikuwa na viwavi. Ningekupelekea majani ya viwavi maabara, watu waseme umetoka nyumba gani?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka. Akaanza kukunja ncha ya mkeka na kuikunjua.

"Mwaka aliokufa mama," akasema, "na mndimu wake ukaanza kukauka. Kila siku tawi moja. Nikachukua ndimu ya mwisho, nikaifukia pale ukutani. Sikumwambia mtu. Paliota mti. Nimeumwagia maji ya kutawadhia miaka yote hii, mpaka hii ya ukame, nikajinyima kuoga nikaunywesha. Sasa wewe na kitabu chako uje uniambie nilikuwa namnywesha mtoto wa mtu?"

Nilikaa karibu naye tu. Baadaye nikamwambia kwamba nikitaka naweza kuliacha, nikasema sampuli iliharibika. Hapo akageuka mkali.

"Uongo? Mbele ya jirani yangu?"

"Mama mkubwa, si wewe uliye..."

"Mimi nilibadilisha majani. Sikusema neno. Chuma, upime. Ya viwavi na yasiyo na viwavi."

Nikachuma.

Majibu ya mara ya pili yalikuwa kama nilivyohofu: upande wa mama, mti wa ukutani ni mdanzi, na sikuona tofauti hata moja kati yake na ule wa Kakuyuni. Niliyatazama siku tatu nikitumaini yatabadilika.

Alasiri niliyokwenda kuyasema, mama mkubwa alitandika mkeka mpya, akapika vitumbua, akamwita jirani apite mlangoni kama mgeni, asisikilize kupitia ukuta. Jirani aliingia amevaa buibui lake zuri, akakaa, akanikodolea macho ya kunionya. Nilijua anachotaka. Nilijua pia anachotaka mama mkubwa. Nikayasema haraka kama mtu anayemeza kwinini.

"Mama yake ni mdanzi. Wa Kakuyuni."

Hakuna aliyegusa kitumbua. Jirani alikuwa wa kwanza kusema, na aliyoyasema yalikuwa ya kunitupa mimi baharini.

"Hivi vipimo hukosea, dada. Watoto hawa wakati mwingine wanachanganya chupa."

"Huyu hachanganyi," mama mkubwa akasema. "Alikwisha kunikamata mara moja." Akanigeukia. "Umesema mama. Baba je?"

"Kijitabu hiki hakisomi baba."

"Sikukuuliza kijitabu. Nakuuliza wewe. Baba yupo?"

Nikafikiri kabla ya kujibu, kwa sababu danzi lina tabia ya ajabu: mbegu zake nyingi huota bila baba kuhusika, mtoto akawa mama mtupu. Lakini mti wa ukutani haukuwa mdanzi mtupu. Tunda lake dogo, manjano yake, ile harufu inayotangulia...

"Kwa jinsi tunda lilivyo," nikasema, "baba lazima yuko. Ila ni nani, sina ushahidi."

"Mimi ninao." Alinyoosha mkono kuelekea bafu. "Mndimu wa mama ulikuwa pale, mzima, unachanua. Huyu mwenzangu alipokuja harusi, mti wa kwao ulikuwa wapi?"

"Kakuyuni," jirani akasema.

"Basi hawakuonana," mama mkubwa akasema, ushahidi wake ukimvunjikia mdomoni.

Ilikuwa kweli. Chavua haisafiri kutoka Mambrui mpaka Kakuyuni. Nikaona tumaini la mama mkubwa linazimika mbele yangu. Ni jirani aliyeinua kidole, polepole.

"Dada," akasema, "wakumbuka ule mdanzi wangu wa kwanza? Ule niliouotesha kwa mbegu za Kakuyuni karibu na choo, ukazaa misimu michache, ukakatwa na mama mkwe kwa sababu ya miiba?"

Mama mkubwa akatazama juu ya ukuta, kana kwamba mti ule uliokatwa bado unaonekana.

"Ulikuwa ukichanua wakati mmoja na mndimu wetu," akasema. "Nyuki walikuwa wakipita hapa juu mchana kutwa. Mama akilalamika."

"Matunda yake nilikuwa nakula hapo hapo ukutani. Mbegu nikiendelea kutupa kwako. Nisamehe."

"Kwa hiyo ndimu niliyoifukia..."

"Ilioza, labda. Ikaota yangu."

"Yako na ya mama," akasema mama mkubwa.

"Yangu na ya mama," jirani akakubali.

Wote wawili wakanigeukia ili nipige muhuri. Niliwaambia ukweli, kwamba inawezekana kabisa na kwamba sijathibitisha chochote. Walisikia lile la kwanza. Jirani alipiga kigelegele kilichomtoa mpangaji wa nyumba ya tatu nje, na mama mkubwa, aliyekuwa na machozi, akavuta sahani ya vitumbua katikati.

"Kula, mkwe," akamwambia. "Miaka yote tumeoleana na hatuna habari."

Nilipomsimulia mkuu wangu, macho yalimng'aa. Alisema kitabu kikubwa cha vinasaba, kile cha mti wenyewe, kingemaliza shaka. Kina pande zote mbili, tungemwona baba waziwazi. Majani mengine machache tu, akasema. Nikapeleka ombi Mambrui kwa adabu zote. Mama mkubwa alikataa papo hapo.

"Mtoto kapata baba kwa taabu," alisema, "nawe wataka kwenda kumuuliza maswali."

Sijalirudia ombi hilo. Mkuu hunikumbusha kila baada ya miezi, nami hutafuta kazi ya kufanya upande mwingine wa chumba.

Achari ya mwaka ule waliitia pamoja, kwenye ndoo moja, nusu ya siku wakibishana juu ya pilipili. Walinipa chupa mbili, moja ya kwangu na moja ya maabara. Mkuu aliila na wali wa mchana siku tano mfululizo, akaimaliza, kisha akaniambia kwa uzito wa kitaalamu kwamba ni nzuri sana ila imezidi chumvi. Akaniomba nifikishe maoni yake kwa wapishi. Ni mwanamke ninayemheshimu, na sijawahi kukaidi agizo lake jingine lolote.